Mwongozo Kamili: Kuwapiga Picha Tumbili na Nyani wa Dodoma Bila Kurudi na Picha za Mikia

Picha ninazoletewa zinafanana kama mapacha. Ya kwanza ina mkia na makalio yanayopotelea kichakani. Ya pili ina kivuli cheusi kama kinyago, nyuma yake mbingu nyeupe pe. Ya tatu ni jiwe kubwa, na juu yake kuna kitu kidogo kama punje ya mtama, mwenye picha anaapa kuwa ni nyani. Kisha linakuja swali lilelile: "Ninunue kamera gani?"

Kamera haina kosa. Kosa ni miguu. Mpiga picha aliwaona, akawafuata, nao wakaondoka. Nyani hafuatwi, anangojewa pale anapokwenda kila siku. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kungoja, na iliyobaki inahusu ule uso mweusi unaowashinda hata wenye kamera za bei kubwa.

## Vifaa

Darubini ndiyo ya kwanza, kabla ya kamera. Ya 8×40, yaani inayokuza mara nane, inatosha. Usiposoma tabia zao kwa mbali hutajua uketi wapi.

Kamera yenye lenzi inayofika milimita 300. Kwa nyani waliozoea barabara, 200 inatosha. Ukiwa na simu, iwe na lenzi yake ya kukuza mara mbili au tatu. Ukipita hapo simu haikuzi tena, inatanua tu picha iliyopo.

Mfuko wa kitambaa uliojazwa uwele au mtama, kilo mbili hivi, ushonwe mdomo. Unauweka juu ya jiwe au dirisha la gari, lenzi inatulia juu yake. Usijaze karanga wala mahindi. Sababu unaijua.

Kitambaa cheusi ukubwa wa nusu kanga, kwa ajili ya vioo vya bustani ya wanyama.

Daftari na penseli. Kalamu ya wino hugoma jasho likilowesha karatasi.

Maji lita mbili kwa mtu, kofia, suruali ndefu kwa ajili ya miiba ya migunga, na kipande cha sabuni. Sabuni nitaieleza mbele.

Nguo za rangi iliyofifia ni nzuri, lakini usijidanganye kwamba kaki inakuficha. Nyani na tumbili huona rangi kama sisi. Kinachowakimbiza ni mwendo wako kuliko shati lako.

Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani kama hupigi video. Vijiji vingi vya huku watoto wanaoamia ndege hubeba manati na fimbo, na watu wazima wengine gobore. Mara mbili nimebeba stendi begani, na mara zote mbili kundi zima lilitimka nikiwa mbali bado. Kwa tumbili wa shambani, kitu kirefu begani kina maana moja tu.

## Hatua ya 1: Jua unamtafuta nani

Katika Dodoma na wilaya zake utakutana hasa na wawili.

Tumbili ni mdogo, kijivu, uso mweusi uliozungushiwa manyoya meupe, mkia mrefu. Dume lake lina korodani za rangi ya buluu ambazo huwezi kuzikosa. Mtoto mchanga huwa na manyoya meusi na uso wa waridi. Wengine humwita ngedere, na kesi hiyo namwachia nyani aiamue.

Nyani wa huku ni yule wa njano: mkubwa, miguu mirefu, pua ndefu kama ya mbwa, mkia uliopinda kama umevunjika karibu na mwanzo wake. Hutembea chini zaidi ya tumbili, na kundi lake linaweza kufika makumi kadhaa.

Usiku kuna komba, lakini huyo anahitaji tochi na mwongozo wake. Mbega hutampata kwenye vichaka vya Dodoma. Mfuate kwenye misitu ya Udzungwa.

Kuwatofautisha kuna faida ya kazi. Tumbili hakai mbali na miti anayoweza kuikimbilia, na hupenda kandokando ya makorongo yenye mikuyu na migunga. Nyani hulala juu ya miti mirefu au miamba iliyochongoka, na milima ya mawe huku haihesabiki. Kwa hiyo tumbili unamngoja korongoni, nyani unamngoja chini ya mlima.

## Hatua ya 2: Anzia kwa wenyeji

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa siku tatu za kuzunguka bure. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ujitambulishe, useme unapiga picha za wanyama. Asiyekujua atadhani umekuja kupima viwanja.

Kisha tafuta mwenye shamba karibu na korongo. Mkulima wa karanga au mahindi anajua ratiba ya tumbili kuliko mtafiti yeyote, kwa sababu wanamlia mazao. Nilipofika shamba moja upande wa Hombolo, mazungumzo yalikuwa hivi:

"Mbukwenyi, babu."

"Mbukwa. Karibu mjukuu wangu. Umepotea?"

"Hapana babu, natafuta tumbili niwapige picha."

"Picha?" Akacheka mpaka akakohoa. "Wapige na mawe kabisa. Wanashuka pale kwenye mkwaju jua likifika hapa." Akanyoosha mkono usawa wa bega. "Wakitoka pale wanaingia kwangu."

Usawa wa bega lake ulikuwa kama saa mbili na nusu asubuhi. Kesho yake walishuka saa mbili na dakika arobaini, kwenye mkwaju uleule.

Hatua imekamilika ukiwa na majibu matatu daftarini: wanalala wapi, wanakunywa wapi, na wanapita wapi kati ya hapo. Ukikosa la kulala, uliza mahali penye harufu kali na kinyesi kingi chini ya mwamba.

Angalizo: Mapori ya akiba kama Swaga Swaga yako chini ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) na hifadhi za taifa kama Ruaha ziko chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania). Huko unaingia kwa kibali na taratibu zao. Na kwa kuwa Dodoma ni makao makuu, usielekeze lenzi ndefu kwenye majengo ya serikali, kambi, madaraja wala ukuta wa bwawa. Ukiwa kwenye bwawa la Mtera na nyani wamekaa ukingoni mwa barabara, geuka upande wa pori.

## Hatua ya 3: Chagua majira na saa

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Wakati huo majani yameziba kila kitu na nyasi zinafika kiunoni.

Nenda kuanzia Juni hadi Oktoba. Mibuyu imepukutika, maji yamebaki kwenye vidimbwi vichache, na wanyama hawana budi kuvijia. Nyani hupasua ubuyu kwa meno, na ukipata mti unaozaa vizuri umepata kibanda chako cha picha. Tatizo la miezi hiyo ni upepo na vumbi. Lenzi usiibadilishe nje.

Saa nzuri ni tangu jua linapochomoza, karibu saa kumi na mbili na nusu, hadi saa tatu, kisha saa kumi jioni hadi magharibi. Katikati ya mchana wanapumzika kivulini, na mwanga unakuwa mkali kiasi cha kuwatia mashimo meusi badala ya macho.

## Hatua ya 4: Fika kabla yao, keti, nyamaza

Uwe umeketi nusu saa kabla ya muda ulioambiwa. Wakikukuta umetulia, wewe ni sehemu ya mahali. Ukiwakuta wewe, umevamia.

Keti chini au kwenye jiwe. Usijifiche nyuma ya kichaka ukichungulia, maana chui hufanya vivyo hivyo. Mtu aliyekaa waziwazi, anayeangalia pembeni na kukwaruza daftari lake, hawamwogopi kama anayenyata.

Umbali: mita 20 hadi 30 kwa tumbili, zaidi kidogo kwa nyani. Wakisogea wenyewe ni hiari yao. Wewe usipunguze umbali huo hata hatua moja.

Panga jua liwe mgongoni mwako. Asubuhi keti mashariki ya mti, jioni keti magharibi yake. Angalia pia kitakachokuwa nyuma ya mnyama. Nafasi ambayo nyuma yake kuna mwamba au majani ni bora mara kumi kuliko ile yenye mbingu tupu. Jambo hili dogo peke yake litaondoa nusu ya picha zako mbaya.

Chakula kula kabla ya kutoka. Siku moja, jirani na Mtera, nilifungua pakiti ya biskuti nikiwa na begi wazi miguuni. Dume la nyani nililodhani linasinzia lilishuka, likachukua begi kama mtu anayechukua mzigo wake stendi, likapanda mwambani. Lilikula biskuti zote bila haraka, likaonja betri moja, likaitema, kisha likaacha begi lianguke. Memori kadi niliipata siku ya pili, kati ya mawe mawili. Kosa lilikuwa langu tupu.

Usiwape chakula kamwe, hata ganda la ndizi. Tumbili aliyezoeshwa chakula cha watu huingia jikoni na shambani kwa ujasiri, na mwisho wake ni mbwa, sumu au mshale. Wewe umeondoka na picha, yeye anabaki na madeni.

Utajua umefanikiwa pale watakaporudia shughuli zao: kuchambuana manyoya, kula, watoto kucheza. Mkubwa wao akiwa bado anakukodolea macho, hujakubaliwa. Ngoja.

## Hatua ya 5: Dakika ishirini bila kamera

Kamera ibaki mapajani. Chukua darubini na daftari. Kila baada ya dakika tano andika kila unayemwona anafanya nini: anakula, anatembea, anachambuliwa, amelala. Andika pia saa.

Baada ya dakika ishirini utakuwa na kitu ambacho mwenye haraka hana. Utajua nani anampisha nani kwenye tawi, mama yupi ana mtoto, na kundi linaelekea upande gani. Picha nzuri ni ile uliyoijua sekunde mbili kabla haijatokea.

Sikiliza sauti zao. Watafiti waliofanya kazi Amboseli, Kenya, walichapisha mwaka 1980 kuwa tumbili wana vilio tofauti kwa maadui tofauti, na wenzao hujibu kwa namna tofauti. Kwa kilio cha chui hukimbilia juu ya miti. Kwa kilio cha tai hutazama juu au kujichimbia vichakani. Kwa kilio cha nyoka husimama kwa miguu miwili wakichunguza nyasi.

Faida kwako ni mbili. Unajua lenzi ielekee wapi kabla hawajafika. Na ukiwaona wamesimama wima wakiangalia nyasi upande wako, angalia kwanza miguu yako.

## Hatua ya 6: Kuushinda uso mweusi

Kamera na simu hupima mwanga wa picha nzima. Zikiona mbingu kubwa nyeupe, huamini kila kitu kimeng'aa mno, zikapunguza mwanga. Uso wa tumbili, ambao tayari ni mweusi, unageuka mkaa. Hakuna mashine iliyoharibika hapo. Mashine imetii tu.

Kwa simu: bonyeza kwa kidole juu ya uso wa mnyama, usiachie mpaka ikuonyeshe imefunga fokasi na mwanga. Kisha telezesha ile alama ya jua kwenda juu mpaka uone mpaka kati ya uso mweusi na duara la manyoya meupe. Mbingu itaungua iwe nyeupe. Iache iungue, hukuja kupiga picha ya mbingu.

Kwa kamera: tafuta kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, chenye alama ya + na −. Nyuma yake kukiwa na mbingu, anza na +1. Nyuma yake kukiwa na mwamba wenye kivuli, anza na 0, na ukiona manyoya meupe yanang'aa kupita kiasi shuka hadi −0.7. Kama kamera yako inapima mwanga wa sehemu ndogo ya katikati, tumia hiyo ukilenga uso.

Fokasi iwe ya nukta moja, juu ya jicho. Ukiiachia kamera ichague, itachagua jani lililo mbele.

Kasi ya shata: 1/500 ya sekunde kwa aliyekaa, maana hata akikaa kichwa hakitulii. 1/1000 au zaidi kwa anayeruka. Asubuhi mwanga ukiwa hafifu pandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 1600 bila woga. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, jicho lililotikisika halivumiliki.

Jaribu yote haya nyumbani kwa sufuria lililoungua masizi ukiliweka juu ya ukuta, nyuma yake mbingu. Sicheki. Ukiweza kuonyesha ukingo wa sufuria hilo bila kupoteza umbo lake, tumbili hatakushinda.

Kipimo cha mafanikio ni kimoja: kuza picha, tazama jicho. Ukiona rangi ya kahawia na kanukta keupe ka mwanga ndani yake, umemaliza kazi ngumu. Jicho likiwa shimo jeusi, rudi kwenye alama ya jua.

## Hatua ya 7: Sasa piga

Shuka hadi usawa wa macho yao. Nyani akiwa chini, laza kifua ardhini na uweke lenzi juu ya mfuko wa uwele. Picha ya kutoka juu humfanya aonekane kama mbwa aliyepotea.

Piga mfululizo mfupi wa picha tatu au nne, pumzika, tazama, piga tena. Flashi izimwe muda wote, na sauti ya kubofya pia.

Ngoja tendo. Asubuhi moja, kwenye mgunga uliochubuka gome, tumbili jike alikuwa anang'oa utomvu kwa vidole viwili, tone moja moja la rangi ya asali. Mtoto alikuwa amening'inia tumboni, na kila tone lilipopita usawa wa uso wake alinyoosha mkono, akachelewa. Mara ya nne akawahi. Alilibandika kwenye paji la uso wake mwenyewe badala ya mdomo. Nilipata picha hiyo kwa sababu nilikwisha kuona mara tatu alipokosa.

## Hatua ya 8: Soma hasira, ondoka mapema

Dume la nyani likipiga miayo mfululizo huku linakutazama, usidhani limechoka. Linakuonyesha meno. Likipandisha nyusi hadi kope zake nyeupe zionekane, au likipiga kiganja chini, onyo la mwisho ndilo hilo. Tumbili hukodoa macho na kudundisha kichwa.

Fanya hivi: ondoa macho yako, shusha kamera, inuka taratibu, rudi nyuma ukiwa umewaelekea. Usikimbie, usicheke ukionyesha meno, na usiwe kati ya mama na mtoto hata kwa bahati mbaya.

Ukiumwa au kukwaruzwa, hapo ndipo sabuni inapofanya kazi. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa kinaweza kumpata mamalia yeyote. Usisubiri uone kama pataota usaha. Na wewe ukiwa na mafua, bakia nyumbani, maana maradhi yetu ya kifua huwaambukiza wao.

## Hatua ya 9: Kwenye bustani ya wanyama

Kwa msomaji wa Dodoma anayependa treni, Tabora ina bustani ya wanyama, na Dar es Salaam pia. Usidharau picha za huko. Ni shule nzuri ya kujifunza sura na tabia, kwa kuwa mnyama haondoki.

Wavu: chagua sehemu ya wavu iliyo kivulini, maana waya unaopigwa na jua hung'aa mbele ya picha. Sogeza lenzi karibu kadiri uzio wa nje unavyoruhusu, fungua tundu la lenzi kabisa (namba ndogo, f/4 au f/5.6), kisha ngoja mnyama awe mita mbili au zaidi nyuma ya wavu. Waya utayeyuka. Mnyama akiwa amegusa wavu, usihangaike, hakuna ujanja.

Kwa simu, lenzi inaweza kuenea kwenye tundu moja la wavu. Ifunge kamba mkononi kwanza. Vidole vyako vibaki nje.

Kioo: funika kichwa na kamera kwa kile kitambaa cheusi, lenzi iguse kioo ikikielekea moja kwa moja, isiinamie upande. Utaondoa taswira ya shati lako kiooni na watoto wa shule walio nyuma yako.

Mwulize mhudumu saa ya chakula, ufike nusu saa kabla. Usigonge kioo wala kupiga mluzi. Anayekuja kwa kugongewa huja na uso wa hasira. Ukimwona mnyama anazunguka njia ileile bila kukoma, liandike daftarini. Hiyo ni dalili ya kuchoshwa na kifungo, na picha yake isambae na maelezo hayo, siyo na kicheko.

## Hatua ya 10: Jioni, ukiwa na chai

Futa picha zote za mikia bila huruma. Katika mia, nikibakiwa na tano naita hiyo siku njema. Kila iliyobaki iandikie jina sahihi la mnyama, tarehe, saa na alichokuwa anafanya, ukinakili kutoka daftarini. Mahali pa kulala kundi usipataje ukizisambaza. Taja wilaya tu.

Kisha mpelekee picha moja iliyosafishwa yule mwenye shamba. Babu wa Hombolo niliporudi na yake aliitazama kwa muda, akaiita familia nzima, halafu akanionyesha sikio la tumbili yule lenye pengo upande mmoja. "Huyu," akasema, "ndiye mwizi wangu mkuu." Akaniambia pia kwamba kundi limehamia kwenye mikuyu ya chini kule, na kwamba kesho nije mapema zaidi.